Lala Mlimani, Shuka Ule: Siku Nne Emei na Leshan

Mama alipokuja Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan huko China, kwenye mahafali yangu, kila niliyemuuliza alinipa ratiba ileile: asubuhi panda treni ukaione sanamu kubwa ya Buddha ya Leshan, mchana piga picha Mlima Emei, usiku uwe umerudi mjini. Niliikataa. Nilikuwa nimesoma uhandisi wa reli Sichuan kwa miaka minne na karibu kila likizo nilikuwa nakwenda Emei, nikajua kwamba mlima ule hauendewi mbio, sembuse na mtu wa miaka 63 ambaye magoti yameshachoka kwa kuinamia masufuria. Mama ni mpishi wa shughuli huko Tanga. Ngamiani nzima imeshakula pilau yake. Basi tukachukua chumba kwenye hoteli iliyojengwa mteremkoni, tukalala siku tatu, na kila siku tukawa tunashuka kwenda kula. Tangu hapo mtu wa kwetu akiniuliza aende vipi Emei, namwambia hivyo hivyo: lala mlimani, shuka ule. Namna ya kufanya ndiyo hii.

Kwanza jua unaenda wapi. Emei uko kusini-magharibi mwa Chengdu, ni mmoja wa milima minne mitakatifu ya Wabuddha wa China, na tangu mwaka 1996 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na sanamu ya Leshan iliyo jirani. Sehemu yake ya juu kabisa ina mita 3,099. Lakini chini, kwenye Hekalu la Baoguo, uko kama mita 550 tu kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya joto la unyevunyevu na ukungu, kama ya Amani kule Muheza. Yaani mlima mmoja una hali ya hewa ya Tanga na ya Kilimanjaro kwa siku moja. Kwa hiyo kabla hujauliza hoteli gani, uliza mwinuko gani.

Ushauri wangu ni kulala chini, kwenye miteremko inayozunguka Baoguo. Hapo kuna miti mikubwa, maji yanasikika usiku, na ukitembea robo saa umefika kwenye migahawa. Wapo wanaolala juu kileleni ili waone jua likichomoza kwenye bahari ya mawingu. Ni jambo zuri, lakini usilipie chumba cha kule kabla hujaangalia utabiri wa hewa wa siku ile. Ukungu ukishuka hutaona hata kidole chako, na utalala kwenye mashuka yenye unyevu kwa bei ya juu. Katikati ya mlima kuna mahekalu yanayopokea wageni kwa vitanda vya kawaida, kama Xixiangchi kwenye mita 2,070. Nililala pale nikiwa na wenzangu wa chuo na nilipapenda, ila choo kiko nje na ngazi ni nyingi. Kwa mama sikuwaza.

Kufika si kazi. Ethiopian wanaruka kutoka Addis Ababa moja kwa moja mpaka Chengdu. Ndege nyingi za kimataifa siku hizi hutua uwanja wa Tianfu, uliofunguliwa 2021. Panda metro namba 18 mpaka stesheni ya kusini ya mji, kisha treni ya mwendokasi. Reli hiyo ilifunguliwa Desemba 2014, na safari ya treni haifiki saa moja na nusu. Tiketi unakata kwa 12306, programu ya simu ya reli ya China, kwa namba ya pasipoti, na mauzo hufunguliwa siku 15 kabla. Angalia jina la stesheni: unataka Emeishan. Kuna nyingine inaitwa Emei tu, ya reli ya zamani ya kwenda Kunming, na ukishukia huko utakuwa mbali na mlima. Usiende wiki ya kwanza ya Oktoba, wala karibu na Mei Mosi, wala wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina. China nzima huwa njiani.

Kuhusu hoteli, mambo ninayoyauliza kabla sijalipa hata senti nimeyajua kwa kuumia.

La kwanza ni kama wanapokea wageni wa nje. Mwaka wangu wa kwanza tulifika usiku, mvua inanyesha, mimi na wenzangu wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Kigoma. Tulikuwa tumeshalipia mtandaoni. Dada wa mapokezi akageuzageuza pasipoti zetu, akapiga simu, akaturudishia kwa mikono miwili na kusema hawawezi kutusajili. Tulitembea na mabegi mpaka saa sita usiku. Mwaka 2024 serikali yao ilisema wazi kwamba hoteli hairuhusiwi kumkataa mgeni kwa sababu ya pasipoti yake, na mambo yamekuwa mepesi zaidi, lakini mimi bado napiga simu au natuma ujumbe: *Keyi jiedai waiguoren ma?* Je, mnapokea wageni wa nje? Ukifika watapiga picha pasipoti na viza yako, kwa sababu kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Kazi hiyo wanaifanya wao. Wewe usitupe tu kile kikaratasi wanachokupa.

La pili ni ngazi. Hoteli ya mteremkoni haina "chini" na "juu" kama unavyozoea. Unaweza kuingia mapokezi ukadhani uko ghorofa ya chini, kumbe uko ya tano, na chumba chako kiko bondeni. Au majengo yametawanyika kwenye mteremko, na "ghorofa ya pili" waliyoandika ni ya jengo ambalo taksi haifiki. Uliza kama kuna lifti, *you dianti ma*, halafu uliza swali ambalo watu wanasahau: kutoka pale gari linaposimama mpaka mlangoni kwangu ni ngazi ngapi? Sisi tulikuwa na 46. Tulizihesabu kila jioni, mama kashika kiuno, mimi nimebeba viatu vyake na chupa ya chai. Arobaini na sita anaweza. Mia asingeweza, na ningekuwa nimemharibia safari kabla haijaanza.

La tatu ni baridi na unyevu. Sichuan iko upande wa China ambao majengo hayawekewi mfumo wa joto wa pamoja, basi vyumba vya mlimani hupoa mpaka kwenye mifupa, hata mwezi Juni usiku. Uliza blanketi la umeme, *dianretan*, na hakikisha kiyoyozi kinatoa na joto pia. Nguo ukifua hazikauki. Mama alifua kanga yake siku ya kwanza tukaondoka nayo siku ya nne ikiwa bado mbichi, ndani ya mfuko.

Halafu dirisha. Omba linalotazama bonde, si barabara. Bei inaweza kupanda kidogo, na ndiyo sababu yenyewe ya kulala pale. Asubuhi ukungu unapanda kutoka chini pole pole, unameza mti mmoja baada ya mwingine, kisha unaachia paa la hekalu peke yake. Mama alikaa dirishani na kikombe cha chai ya kijani ya mlima ule ule, Zhuyeqing, majani yamesimama wima ndani ya glasi kama vijiti, na kwa nusu saa nzima hakusema neno. Kwa mama yangu hilo ni jambo kubwa.

Kwa Waislamu: beba mswala wako, na zoea kubadilisha mwelekeo. Kwetu tunaelekea kaskazini. Sichuan kibla ni magharibi karibu kamili, kinazidi kaskazini kidogo tu. Kila chumba kina birika la umeme, kwa hiyo maji ya moto ya kutawadhia hayasumbui. WhatsApp haifanyi kazi kwa intaneti ya hotelini, lakini ukiacha laini yako ya nyumbani kwenye rominga huwa inafunguka. Pesa taslimu beba kidogo. Kadi yako ya benki iunganishe na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu hata muuza mahindi ya kuchoma kule anataka uskani.

Siku ya kupanda juu

Sitakaa sana hapa. Tiketi ya mlima ni yuan 160 msimu wa watu wengi, 110 msimu mwingine. Basi linatoka Baoguo mpaka Leidongping, mita 2,430, kama saa mbili za kona. Mwenye kichefuchefu akae mbele na asishibe. Kutoka Leidongping ni ngazi za kama kilomita moja na nusu mpaka kwenye gari la waya, nalo linakufikisha kileleni Jinding kwa dakika chache. Juu kuna sanamu iliyopakwa dhahabu ya Puxian, mtakatifu wa Kibuddha, mita 48, iliyokamilika 2006. Makoti mazito yanakodishwa Leidongping. Chukua, hata kama chini ulikuwa unatokwa jasho.

Kwa zile ngazi, mama alibebwa. Kuna wanaume wawili wawili wenye kiti cha mianzi, kinaitwa *huagan*. Alikataa kwanza, akasema hajawa maiti. Nikapatana bei na wale kaka kabla mama hajakaa, kwa kwenda tu, nikaiandika kwenye simu wakaiona, na ndivyo unavyotakiwa kufanya. Walimwita *ayi*, yaani mama mdogo, wakampumzisha kila baada ya kona. Alipofika aliwapa machungwa yake yote.

Machungwa yenyewe yalikuwa yamefichwa. Nyani wa Emei ni wakubwa, mkia mfupi, na hawamwogopi mtu. Wakiona mfuko wa plastiki wanajua una chakula. Weka kila kitu ndani ya begi lenye zipu, usiwacheke kwa kuonyesha meno, na nyani akikusogelea mwonyeshe viganja vitupu.

Chakula

Sasa tufike kwenye kilichonifanya niandike. Watu wanakwenda Sichuan wakiogopa pilipili. Sisi pilipili tunaijua. Ilikuja pwani yetu kutoka Amerika kama ilivyokwenda kwao, na mtu aliyezoea pilipili kichaa hatishiki. Usichokijua ni ganzi. Ladha ya Sichuan wanaiita *mala*: *la* ni ukali, *ma* ni ganzi, na hiyo ganzi inatoka kwenye punje ndogo nyekundu inayoitwa *huajiao*.

Jioni ya kwanza nilimpeleka mama kula kwenye mgahawa wa mboga wa hekaluni. Nilikuwa nimesahau kuwaambia wapunguze. Akatafuna punje moja nzima. Akaacha kuongea, akashika mkono wangu. "Mwanangu, mdomo wangu umekufa ganzi. Wameweka nini humu?" Nikamchagulia ganda moja kavu kutoka kwenye sahani. Akalisugua kwenye kiganja kwa kidole gumba, kama anavyosugua hiliki, akalinusa mara mbili. "Huu si mjafari?"

Mimi mjafari nilikuwa nimeusahau kabisa. Bibi yetu wa Handeni alikuwa akituchemshia majani yake, yenye harufu ya ndimu, mti una miiba shinani. Usiku ule hotelini nikatafuta: mama alikuwa sahihi. Mjafari na huajiao ni ndugu, wote ni *Zanthoxylum*, na jamii yao kubwa ni ile ya michungwa na mindimu. Hauhusiani na pilipili manga wala pilipili za kawaida. Kinacholiwa ni ganda. Mbegu nyeusi ya ndani hutupwa kwa sababu inasagika kama mchanga menoni. Watafiti walishapima ule mtetemo unaouhisi mdomoni wakakuta ni kama mara 50 kwa sekunde.

Kwa hiyo: ukihisi midomo inatetemeka, mate yanajaa, na maji yana ladha ya chumvi au chuma, hujaumwa. Haikubani pumzi, na baada ya dakika kumi au kumi na tano inaisha. Punje nzima zitenge kwa vijiti pembeni ya sahani. Maji hayasaidii. Wali mweupe unasaidia, maziwa ya soya yanasaidia, na kinachosaidia kuliko vyote ni *bingfen*, jeli baridi laini iliyomwagiwa sharubati ya sukari guru, inauzwa barabarani.

Mimi ninaupandisha ulimi kama ninavyopandisha miguu, hatua kwa hatua. Siku ya kwanza sema *bu la*, bila pilipili, na uongeze *bu yao huajiao*, kwa sababu kwao hayo ni mambo mawili na anaweza kukutolea pilipili akakuachia ganzi. Siku ya pili sema *wei la*, pilipili kidogo. Kidogo cha Sichuan ni kingi, nakuonya. Siku ya tatu, kama umelala vizuri, nyamaza uache wapike wanavyojua.

Siku ya kwanza agiza *xuemoyu*, ambacho ni chakula cha Emei hasa. Kuna kiazi cha ukoo wa magimbi, wanasaga unga wake wanatengeneza jeli, kisha wanaigandisha kwa baridi mpaka inakuwa na vitundu kama sponji. Ikipikwa inanywa mchuzi wote. Agiza na *tudousi*, viazi ulaya vilivyokatwa nyuzi nyembamba na kukaangwa haraka na siki, bado vinalia menoni. Mama alirudi kula hivyo siku zote tatu na alitaka kujua wanavikataje. Pia machipukizi ya mianzi ya mlimani, machungu kidogo. Chakula cha watawa hakina kitunguu wala kitunguu saumu, na utashangaa hutavikumbuka.

Asiyekula nguruwe azingatie haya kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea bila kujua. Neno *rou*, nyama, likisemwa peke yake Uchina maana yake ni nguruwe. Nyama ya ng'ombe ni *niurou*, lazima litajwe. Mboga nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Maharage mabichi ya kukaanga huwekewa nyama ya kusaga. Na bilinganya la *yuxiang*, ambalo jina lake ni "harufu ya samaki," halina samaki hata mmoja, mara nyingi lina nguruwe. Hifadhi maneno haya kwenye simu uyaonyeshe: 我是穆斯林，不吃猪肉，不要猪油. Yanasema mimi ni Mwislamu, sili nguruwe, nisiwekewe mafuta ya nguruwe. Wapishi wa Sichuan ukiwaeleza wanaelewa na wanajali. Mafuta yao ya asili ya kupikia ni ya mbegu za rapa, yana rangi ya dhahabu na harufu ya njugu, wanayo kila jiko. Na mgahawa wa halali unautambua kwa herufi mbili: 清真, *qingzhen*. Karibu kila mji una duka la tambi za nyama ya ng'ombe la Waislamu wa Gansu na Qinghai, na hapo unakula bila kuuliza. Si chakula cha Sichuan, lakini saa nane mchana una njaa utashukuru.

Siku ya pili tulikula samaki kwenye kimgahawa cha mume na mke, meza tano, chini ya hekalu. Nilionyesha simu. Mke akasoma, akaita jikoni, na mume akatoka na karai mkononi kutuonyesha kwamba analiosha upya. Mama hakungoja kukaribishwa, akaingia nyuma yake. Niliwakuta wamesimama pamoja, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, wanatazama mafuta. Yule bwana alitia kijiko kikubwa cha *doubanjiang*, lile rojo la maharage mapana na pilipili linalotoka Pixian, linalochachushwa kwenye mitungi juani, likikorogwa, mwaka mzima na zaidi. Akalikaanga polepole peke yake, hajatia kitu kingine, mpaka mafuta yakageuka mekundu na kuanza kujitenga pembeni. Hapo ndipo akatia tangawizi na kitunguu saumu, kisha maji, kisha samaki.

"Umeona?" mama akaniambia. "Anangoja mafuta yapande. Kama nyanya za pilau." Akampigia yule bwana dole gumba, naye akacheka.

Ukitaka kujua kama mgahawa unapika vizuri, tazama hilo tu: mafuta mekundu, safi, yamejitenga. Yakiwa na rangi ya matope, rojo liliharakishwa. Tulilipa yuan 96 kwa samaki mzima, tofu (jibini la soya), mboga na wali, na tukabakiza.

Tofu hiyo ni *mapo*, chakula kilichoanzia Chengdu kwenye karne ya 19 kwa mama mmoja wa ukoo wa Chen. Kwa asili nyama yake ni ya ng'ombe, lakini omba bila nyama. Iliwe ya moto sana, juu ya wali, kwa kijiko. Usihangaike na vijiti kwa tofu laini. Hata wao wanatumia kijiko.

Siku ya tatu nenda Leshan. Kwa treni ni kama robo saa. Sanamu ya Buddha ilianza kuchongwa kwenye mwamba mwaka 713 na kumalizika 803, urefu wake ni mita 71, imekaa inatazama mahali mito mitatu inapokutana. Mtawa aliyeianza, Haitong, alitaka itulize maji yaliyokuwa yakizamisha mashua. Mwenye magoti mabovu asipange foleni ya ngazi za kandokando ya sanamu. Panda boti. Kutoka majini unamwona mzima, kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, na umekaa.

Halafu shuka mtaa wa vyakula wa Zhanggongqiao. Watu wa Chengdu wenyewe wanafunga safari mpaka Leshan kula. Kuna *bobo ji*, vijiti vya kuku, viazi, uyoga na mizizi ya yungiyungi vilivyozamishwa kwenye bakuli la mchuzi baridi wa mafuta ya pilipili. Unakula, mwishoni wanahesabu vijiti vitupu. Kuna bata mwenye ngozi iliyopakwa sukari. Na kuna *qiaojiao niurou*, supu ya ng'ombe yenye ulimi, utumbo na kano, iliyochemshwa na mitishamba. Jina lake linamaanisha nyama ya kupandanisha miguu, kwa sababu wateja wa zamani waliila wamekaa vigodani hivyo. Wenzangu Wakristo walikuwa wakiimaliza bakuli mbili mbili na kusema ni supu ya makongoro iliyosafiri. Mimi sikuila, kwa kuwa ng'ombe hakuchinjwa kwa njia yetu, na mchuzi wa bobo ji ni wa kuku, basi hata viazi vyake niliviacha. Tulikula *liangfen*, jeli ya unga iliyokatwa vipande virefu, siki, kitunguu saumu na mafuta ya pilipili. Mama aliagiza ya pili bila kuniuliza, tena akamwambia muuzaji kwa kidole aongeze.

Vyakula vizito vya nyama tuliviweka akiba mpaka tuliporudi Chengdu, kwenye migahawa ya halali karibu na Msikiti wa Huangcheng. Fanya hivyo na wewe. Hapo agiza *fuqi feipian*, yaani "vipande vya mume na mke": nyama na matumbo ya ng'ombe vilivyokatwa vyembamba. Walioanza kuviuza, Guo Chaohua na mkewe Zhang Tianzheng, walikuwa wakivitembeza mitaani miaka ya 1930. Na *shuizhu niurou*. Jina hilo ni mtego: linasema nyama iliyochemshwa kwa maji, na mgeni mwoga huliagiza akidhani ni supu ya mgonjwa. Linakuja beseni limefunikwa pilipili kavu na huajiao, na mezani bado mafuta yanachemka juu yake. Nyama iko chini, laini kama ini. Ichote kwa kutikisa, usinywe ule mchuzi, na uanze nayo ukiwa na wali tayari. Ulimi wa mama ulikuwa umeshapanda mlima wake siku nne. Alikula huku machozi yanamtoka, akakataa kupumzika.

Kabla ya kuondoka nunua huajiao. Chukua sokoni, si kwenye maboksi ya zawadi ya uwanja wa ndege. Chagua yenye maganda yaliyofunguka mdomo na mbegu nyeusi chache. Sugua punje mbili kiganjani: ikiwa harufu ya ngozi ya chungwa inapanda mara moja, ni ya mwaka huu, ikinukia vumbi, rudisha. Nyekundu inayosifiwa zaidi ni ya Hanyuan. Ya kijani, *tengjiao*, hukamuliwa mafuta, na ya Hongya, wilaya jirani na Emei, ndiyo waliyotuuzia. Mafuta weka kwenye begi la kupakia chini ya ndege, kifuniko ukifunge kwa nailoni.

Mama alibeba nusu kilo. Ameiweka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, kabatini, mbali na mwanga, anachukua punje kumi kwa karai zima: anazitia kwenye mafuta yakiwa bado ya vuguvugu, anangoja harufu, anaziopoa zote kabla hazijawa nyeusi, ndipo anatia kitunguu.